Betri Inapovunja Ahadi

Katika viungo vyote vya simu ya mkononi kimoja tu ndicho kilichoandikiwa kufa kabla ya wenzake, nacho ni betri. Kioo kisipoangushwa hudumu, bodi isipoingia maji hudumu zaidi, na kamera na spika hukaa miaka mingi bila kuonyesha taksiri, lakini betri, hata ikiachwa kabatini ndani ya boksi lake na isiguswe na mtu, huanza kupungua nguvu tangu siku ilipotoka kiwandani. Madhali jambo hili halisemwi dukani wakati wa kununua, wala haliandikwi kwa herufi kubwa juu ya boksi, mtu akiona simu yake haikai na chaji kama zamani husema kuwa simu imechoka, akaanza kutafuta fedha za simu nyingine, ilhali kilichochoka ni kipande kimoja chembamba kilichobandikwa kwa gundi nyuma ya kioo, ambacho fundi mzuri aweza kukitoa na kutia kingine mahali pake kwa muda usiozidi saa moja.

Swali ni lini hasa kipande hicho kibadilishwe. Jibu lililoenea ni la tarakimu: betri ikishuka chini ya asilimia 80 ya uwezo iliozaliwa nao, ibadilishwe. Tarakimu hiyo ina asili yake na sina nia ya kuidharau, lakini kwa maoni yangu imepewa kiti cha hakimu ilhali ni shahidi tu. Betri iliyopungua nguvu yaweza kukaa na mwenyewe kwa salama mwaka mzima, maadamu inasema kweli juu ya kilichobaki ndani yake. Betri iliyoanza kusema uongo haifai kukaa simuni hata mwezi mmoja, ijapokuwa hesabu yake bado yapendeza. Na tupime uaminifu kwanza, uwezo baadaye.

Ili jambo hili lidhihirike hatuna budi kutazama ndani. Betri za simu zetu ni za lithiamu, elimu iliyojengwa na watu watatu kwa nyakati mbalimbali: Stanley Whittingham, aliyefungua njia katika miaka ya 1970 akiwa katika maabara za kampuni ya mafuta ya Exxon, John Goodenough, aliyeonyesha mwaka 1980 huko Oxford kuwa oksaidi ya kobalti yaweza kuhifadhi lithiamu na kutoa umeme wa nguvu zaidi, na Akira Yoshino wa Japani, ambaye mwaka 1985 alipunguza hatari ya moto kwa kutia kaboni upande wa pili badala ya lithiamu tupu. Kampuni ya Sony iliziingiza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 watu hao watatu wakapewa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya kemia, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97, mkubwa kuliko umri wa mtu yeyote aliyewahi kuipokea tuzo hiyo kabla yake.

Ndani ya betri mna kanda mbili ndefu nyembamba zilizokunjwa pamoja, moja imepakwa kobalti na ya pili grafiti, na baina yao pana utando uliolowa maji ya dawa. Ukichaji, chembe za lithiamu hutoka upande wa kobalti zikaingia katika grafiti. Ukiitumia simu, hurudi zilikotoka, na marejeo hayo ndiyo yanayokupa umeme. Kila zinapokwenda na kurudi, kiasi kidogo cha lithiamu hunaswa katika ganda linalojengeka juu ya grafiti, wala hakipatikani tena. Na kadiri ganda hilo linavyozidi unene ndivyo chembe zilizobaki zinavyopita kwa taabu. Kwa hiyo betri huzeeka kwa namna mbili: akiba yake hupungua, na njia ya kuitolea akiba hiyo huzidi kubana.

Uzee wa kwanza huja polepole na mtu huuzoea. Asilimia 100 inayoonyeshwa na simu kongwe si ile 100 ya siku ya kwanza. Ni sawa na kibaba cha muuza mchele kilichobonyea kitako, ambacho kikijazwa mpaka ukingoni huitwa kibaba kizima na hali punje zilizomo zimepungua. Mwenye simu ya namna hii hujua kuwa zamani chaji ya alfajiri ilimfikisha mpaka usiku, na sasa inamfikisha alasiri tu, naye hupanga siku yake kwa kiasi hicho, akabeba pawabenki au akaacha chaja kazini. Hapana aliyedanganywa.

Uzee wa pili ndio wenye fitina. Simu inaonyesha imebakiwa na asilimia 35, mwenyewe anaamini kuwa bado ana saa kadhaa mkononi, mara anafungua kamera yenye taa, au mtandao unapotea njiani na simu inaanza kuutafuta kwa nguvu zake zote, na papo hapo inazima. Akiichomeka kwenye chaja inaamka ikisema ina 30, kana kwamba halikutokea neno. Watu hushuku virusi, na wengine hushuku mengine makubwa zaidi, lakini sababu ni ile njia iliyobana. Kazi nzito inapoitisha umeme mwingi kwa mara moja, volti za betri iliyozeeka huanguka chini ya kiwango ambacho bodi hukihitaji ili ifanye kazi, simu ikajizima, na kazi ile ikiisha kudai volti hupanda tena. Kwa mtu ambaye simu yake ni ya kusikilizia nyimbo jioni, hilo ni udhia na si zaidi. Lakini mfikirie mkunga wa zahanati anayengoja kupigiwa usiku wa manane. Mfikirie dereva wa bodaboda aliyepakia abiria katika mtaa asioujua, ramani ikiwa mbele yake. Au mfanyabiashara mdogo ambaye, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, amehamishia riziki yake yote ndani ya simu, naye amesimama mbele ya mwenye mali, mzigo umekwisha kupimwa, na kioo kimekuwa cheusi. Kwa watu kama hawa, simu ikijizima hivyo mara ya kwanza iwe onyo, na mara ya pili iwe hukumu.

Kisa kilichoufunza ulimwengu jambo hili ni cha kampuni ya Apple. Mnamo Januari 2017 kampuni hiyo ilitoa sasisho la programu za iPhone, namba 10.2.1, ambalo ndani yake ilikuwamo amri wasiyoelezwa wenye simu: pale betri inapokuwa imezeeka kiasi cha kuweza kuizimisha simu ghafla, kasi ya simu ipunguzwe ili umeme usiitishwe kwa wingi. Shabaha yenyewe ilikuwa na mantiki, kwa kuwa simu inayokwenda taratibu ni bora kuliko simu iliyozima. Ubaya ulikuwa katika kunyamaza. Desemba ya mwaka ule John Poole, mwasisi wa programu ya kupimia kasi iitwayo Geekbench, alitangaza vipimo vilivyoonyesha wazi kuwa simu za aina moja zilikuwa zimegawanyika katika makundi ya kasi mbalimbali, Apple ikakiri, na tarehe 28 Desemba ikaomba radhi na kushusha gharama ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi dola 29 mpaka mwisho wa mwaka 2018. Baadaye Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25, na huko Marekani ikakubali mwaka 2020 kulipa hadi dola milioni 500 ili kumaliza kesi.

Faini na kesi hizo hazinishughulishi sana. Ninalotaka msomaji alishike ni kuwa watu waliokwisha kuamini kuwa simu zao zimepitwa na wakati walitiliwa betri mpya, na kasi ya zamani ikarejea siku ile ile. Mwanzoni mwa Januari 2019 Tim Cook, mkuu wa Apple, alipowaandikia wenye hisa kuwaeleza kwa nini mapato yamepungua, alitaja miongoni mwa sababu zake kwamba baadhi ya wateja walijipatia betri kwa bei ile nafuu. Ni nadra kupata ushahidi ulio mzito kuliko huo, ukitoka katika kalamu ya muuzaji mwenyewe, kwamba betri mpya yaweza kusimama badala ya simu mpya.

Turudi kwenye tarakimu. Watengenezaji huhesabu umri wa betri kwa mizunguko, na mzunguko mmoja ni kutumia kiasi kilicho sawa na chaji nzima, ama kwa siku moja, ama nusu leo na nusu kesho. Apple husema kuwa betri za iPhone 14 na zilizotangulia zimekusudiwa kubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500, na za iPhone 15 na zilizofuata baada ya mizunguko 1,000. Mtu anayemaliza chaji nzima kila siku huifikia mizunguko 500 kabla miaka miwili haijatimu, na ndiyo maana malalamiko mengi huanza katika mwaka wa pili. Wenye iPhone huweza kuiona hesabu hiyo katika mipangilio, sehemu ya afya ya betri. Baadhi ya simu za Android nazo siku hizi huionyesha, na nyingine nyingi haziionyeshi, hususan zile za bei nafuu ambazo wengi wetu tunazo. Mwenye simu isiyosema na aitazame mwenendo wake: chaji inayoshuka kwa kuruka, kutoka 60 hadi 45 bila kupita katikati, au inayojaa kwa muda mfupi wa kushangaza na kuisha vivyo hivyo, imekwisha kujieleza.

Hata hivyo betri isihukumiwe kabla ya wengine kuhojiwa. Simu inayopata moto mfukoni bila kutumiwa, na chaji ikaisha, aghalabu ina programu inayofanya kazi kwa siri, na mipangilio itaitaja kwa jina. Simu isiyojaa yaweza kuwa na waya mbovu wa chaja, au vumbi lililoshindiliwa katika tundu la chaji, ambalo fundi hulitoa kwa kijiti. Mtu akikaa mahali penye mtandao dhaifu atalipa kwa chaji yake hata betri ikiwa mpya.

Kwa sisi wa pwani adui mkubwa kuliko mizunguko ni joto, na hapa ndipo ninapoona mashauri yanayoandikwa kwa watu wa nchi za baridi hayatutoshi. Apple hushauri simu isitumiwe penye joto la zaidi ya nyuzi 35, kwa kuwa juu ya hapo uwezo wa betri waweza kupungua usirudi tena. Wakati wa kaskazi, Dar es Salaam na Mombasa, hewa ya kivulini peke yake hupita nyuzi 30 mchana. Basi simu iliyofungwa juu ya usukani wa pikipiki katika jua la saa saba, iliyoachwa mbele ya kioo cha gari lililoegeshwa, au iliyolazwa chini ya mto ikichajiwa usiku kucha, imeipita mipaka hiyo kwa mbali. Joto na chaji iliyojaa vikikutana huzidishiana madhara, na ndiyo sababu simu nyingi za sasa hutoa hiari ya kuzuia chaji isipite asilimia 80. Ningependa pia kuuzika usia wa zamani, ambao bado wauzaji huutoa, kwamba simu mpya ichajiwe kwa muda wa saa nane kwanza, na kwamba kila mara iachwe izime kabisa ndipo ichajiwe. Usia huo ulizifaa betri za nikeli na kadmiamu zilizotangulia. Betri ya lithiamu haipendi kukaushwa, na kila inapofikishwa mwisho umri wake hufupishwa.

Kuna hali moja isiyo na mjadala. Kava la nyuma likianza kuinuka, kioo kikiachana na fremu, au simu ikilazwa mezani ikawa inacheza kwa sababu ina tumbo, betri imevimba kwa gesi iliyozaliwa ndani yake, na hapo hatuulizi tena lini: simu izimwe, isichajiwe, isibanwe ili irudi mahali pake, wala isitobolewe, ikapelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung iliziondoa simu zake za Galaxy Note 7 katika masoko ya dunia nzima kwa sababu kasoro za betri zilisababisha baadhi yake kuwaka, na zile zilikuwa simu mpya kutoka kiwanda chenye wakaguzi. Betri iliyovimba mfukoni mwa mtu haina mkaguzi ila yeye.

Fundi naye achaguliwe kwa macho. Katika meza za mafundi wa Kariakoo, upande wa Mtaa wa Aggrey na mitaa ya jirani, mtu akisimama kidogo atajifunza mengi. Fundi ajuaye kazi yake huizima simu kwanza, akaupasha mgongo wake joto kwa hita mpaka gundi ilegee, akapitisha kadi nyembamba ya plastiki ukingoni mwa kava bila kuizamisha, isije ikakata waya wa alama ya kidole; akafungua skrubu, na kabla ya kugusa kitu kingine chochote akachomoa kiunganishi cha betri. Kisha hudondosha spiriti kidogo chini ya betri na kungoja, mikono ikiwa imetulia, mpaka gundi iachie yenyewe. Ukimwona anatia bisibisi ya chuma chini yake na kuing'oa kwa nguvu, chukua simu yako uondoke, kwani betri ikipinda na kutoboka huweza kuanza moshi na moto hapo mezani.

Bidhaa yenyewe yataka hadhari zaidi ya mkono wa fundi. Sokoni zimo betri za asili, zimo kopi nzuri, na zimo kopi zisizo na maana, zote zimevikwa lebo moja. Iombe ile mpya na ile iliyotolewa, uzishike pamoja: lithiamu na shaba havina njia ya kudanganya mizani, na betri iliyo nyepesi kuliko ya kwanza ilhali lebo yake yadai uwezo mkubwa zaidi imekwisha kujitolea ushahidi. Tazama tarehe ya kutengenezwa kama imeandikwa, kwa maana betri iliyokaa dukani miaka mitatu katika joto la bati imezeeka kabla ya kuanza kazi. Uliza dhamana ni ya miezi mingapi, na iandikwe katika risiti. Na ujue kuwa simu iliyojengwa kuzuia maji, ikifunguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya mtaani, isidhaniwe kuwa bado inayazuia.

Zipo pia simu zisizostahili betri mpya, na hilo nalo ni vema tuliseme. Simu ambayo mtengenezaji ameacha kuipelekea masasisho ya usalama miaka kadhaa iliyopita, nayo ndiyo mwenyewe anayowekea fedha zake, hata ikitiwa betri bora inabaki mlango usio na komeo. Na simu ambayo kioo kimepasuka, bodi inasumbua, na gharama ya kuitengeneza yote inakaribia nusu ya bei ya nyingine, mtu asiibebe kwa mapenzi tu. Zaidi ya hizo, nasimama upande wa betri.

Nasimama huko kwa sababu ya mfuko wa mwenye simu, na kwa sababu nyingine pia. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu kubwa yake katika mkoa wa Lualaba, Kolwezi na viunga vyake, ambako wachimbaji husalimiana na kupatana bei kwa Kiswahili, na wengi miongoni mwao hushuka mashimoni kwa kamba na sururu bila kinga yoyote. Simu inayotupwa na bodi nzima, kamera nzima na kioo kizima kwa ajili ya betri peke yake inatupwa na jasho la watu hao. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na ni chini ya robo tu iliyoandikwa kuwa ilikusanywa na kurejelezwa kwa taratibu zinazofaa. Betri kuukuu isitupwe jalalani wala isichomwe pamoja na takataka za nyumbani. Ncha zake zifunikwe kwa utepe wa gundi, na fundi au duka linalokusanya vyuma vya elektroniki liulizwe kama laipokea.

Sheria za mbali nazo zimeanza kutuelekea. Kuanzia 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa katika masoko ya Umoja wa Ulaya hudaiwa kuwa na betri inayoweza kubaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 800, na vipuri vyake viendelee kupatikana kwa miaka saba tangu aina hiyo ikome kuuzwa. Na ifikapo Februari 2027, betri za vifaa vya mkononi, ukiacha misamaha kadhaa, zinatakiwa ziweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe. Simu hizo, zikisha kutumika huko, nyingine zitafika kwetu.

Na hizo zinazofika sasa, zile ziitwazo used ambazo nyingi hupitia Dubai kabla ya kuanikwa katika vioo vya maduka yetu, ndizo hasa zinazotaka shauri hili. Muuzaji husifu kamera na ukubwa wa hifadhi, na akiulizwa afya ya betri huonyesha tarakimu nzuri, ambayo mafundi wenyewe watakuambia kuwa huchezewa. Mnunuzi na aipige simu kazi palepale dukani: afungue kamera, awashe taa, apige simu ya video, aangalie kama chaji inashuka kwa hatua au kwa kuruka. Akiona dalili, aulize bei ya betri kwa fundi wa jirani kabla ya kutoa fedha, aombe bei ya simu ipunguzwe kwa kiasi hicho, na akishalipa aipeleke simu ikabadilishwe betri siku ile ile, kabla hajaanza kuitegemea kwa lolote.